Avanti Asipofunga: Ni Uchawi, Ni Mguu, ao Ni Hesabu?



Majuma manne sasa timu yetu haijaona goli. Nyuma tuko na mabeki wenye nguvu, tuko na kipa mwepesi, lakini mbele hakuna kitu. Wachezaji wawili wanachechemea. Mmoja ametoka kwenye malaria juzi tu. Na avanti wetu wa katikati, yule aliyebebwa mabegani mwaka jana, leo akigusa bale watu wanacheka.

Kama ingekuwa kucheka tu, tungenyamaza. Lakini kwenye nyumba za kulala na kule kisimani wamoja wanasema: «Yule wamemfunga. Mtu hawezi kukosa vile bure.» Wengine wameanza kutaja hata jina la mwanafunzi anayedhaniwa kuwa amemfunga. Na kwa sababu orodha ya watakaokwenda kucheza Kabambare itaandikwa karibuni, kuna wanaotaka jina la avanti lifutwe.

Sisi makapita tumeona kwamba maneno ya namna hii hayatulizwi kwa filimbi. Heri tuyasome pamoja kama tunavyosoma somo lingine. Ulizo letu ni hili: mfungaji akiacha kufunga, juu ya nini?

1. SI JAMBO LA KWETU PEKE YETU

Tuanze na Leopards wa nchi yetu. Mwezi wa Machi 1974, kule Misri, walitwaa Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika. Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Juni, walikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi. Walipigwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazili. Wao wenyewe hawakufunga hata goli moja. Ndaye alikuwa ni yule yule, na miguu ilikuwa ni ile ile.

Tuje karibu. Mwezi wa Januari 2024, kwenye Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, Leopards walicheza mechi tatu za kundi bila kushinda hata moja: 1–1 na Zambia, 1–1 na Moroko, 0–0 na Tanzania. Katika mechi ya Moroko, Cédric Bakambu alipiga penalti ikagonga mwamba. Watu wengi walisema timu imekwisha. Lakini mwalimu wao Sébastien Desabre hakuivunja timu. Wakatoka 1–1 na Misri, wakashinda kwa penalti 8–7, na kipa Lionel Mpasi ndiye aliyepiga ile ya mwisho. Kisha wakafunga Guinea 3–1. Walifika nusu fainali, wakamaliza wa nne.

Hata mchezo mwingine kabisa unatufundisha. Wamarekani wana mchezo wao unaoitwa beseboli: mtu mmoja anarusha kipira kidogo kwa nguvu, mwenzake anakipiga kwa fimbo. Kule mpigaji anayefaulu mara 3 kwa 10 anahesabiwa kuwa mzuri sana. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alifaulu kwa kadiri ya mara 406 kwa kila 1000, na wanamsifu mpaka leo. Tazameni vizuri: mtu huyo wa sifa alikosa zaidi ya nusu! Kila msimu wapigaji wakubwa wanapitia majuma ambayo fimbo yao haigusi kitu. Wenye timu wamezoea. Wanahesabu, wanapima mwili wa mchezaji, wanangoja.

2. HESABU INASEMA NINI?

Wale wa kalasi ya tano na ya sita wanajua somo la bahati nasibu katika hesabu. Tulitumie.

Tuseme avanti mzuri anafunga mara 1 kwa kila mashuti 5. Basi kwa kila shuti, nafasi ya kukosa ni 4 kwa 5, ni kusema 0,8. Akipiga mashuti mawili, nafasi ya kukosa yote mawili ni 0,8 × 0,8 = 0,64. Endeleeni kuzidisha hivyo mpaka mashuti kumi, mtapata karibu 0,107.

Maana yake nini? Avanti mzuri, mwenye afya, asiyefungwa na mtu yeyote, akipiga mashuti kumi, kuna nafasi kama 1 kwa 9 ya kukosa yote kumi. Na mashuti kumi kwa avanti wa shule ni mechi tatu ao nne. Kumbe yale majuma manne yetu si ajabu!

Asiyeamini afanye jaribio hili ndani ya kalasi. Kila mwanafunzi akate karatasi tano ndogo, moja aitie alama. Azikunje, azitikise ndani ya kikombe, achomoe moja bila kutazama, aandike, airudishe. Afanye hivyo mara kumi. Katika kalasi ya watu 40, wanne hivi hawataona alama hata mara moja. Je, hao wanne tutasema wamefungwa na nani?

Lakini hesabu haituruhusu kulala. Tuseme mguu wa avanti unauma, na juu ya hiyo anafunga mara 1 tu kwa mashuti 10. Sasa nafasi ya kukosa yote kumi ni 0,9 iliyozidishwa mara kumi, ni kusema karibu 0,35. Ni zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kusema «ni bahati tu», lazima tutazame mwili.

3. MGUU UNASEMA NINI?

Sisi wanafunzi wa hapa hatuishi kama wachezaji wa mijini. Wengi wetu tunaamka mapema kuteka maji. Tunatembea mwendo mrefu, tunalima mihogo na mpunga, kisha jioni tunakimbia ku kiwanja chenye mawe. Jumamosi ni mechi. Msuli haujengwi wakati wa kazi peke yake. Unajijenga tena wakati wa kupumzika na kula. Mtu asiyepumzika anakuwa kama kinga ambayo mnyororo wake hautiwi mafuta: inakwenda, inakwenda, siku moja inakatika njiani.

Tumechagua mambo matatu yanayowapata wachezaji wetu mara nyingi.

(a) Kifundo cha mguu kuteguka. Siku mbili tatu za kwanza: acha kucheza, funika kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku, funga bandeji bila kukaza sana, lala mguu ukiwa juu ya mto ao juu ya mkeka uliokunjwa. Katika siku hizo usikande kwa maji ya moto wala kusugua kwa nguvu kwa mafuta, maana uvimbe utaongezeka. Kama mtu hawezi kutembea hatua nne, ao mfupa wenyewe unauma ukiguswa, apelekwe hospitali.

(b) Msuli wa nyuma ya paja. Unakatika mtu anapokimbia mbio sana ao anapopiga shuti kwa nguvu. Ubaya wake ni huu: maumivu ya kutembea yanakwisha upesi, na mtu anadhani amepona. Akirudi mapema, unakatika tena, na mara ya pili mara nyingi unakawia zaidi. Dawa ya kuuzuia iko, na haina bei. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole, mwili umenyooka, mpaka mikono iguse chini. Waliofanya zoezi hili kwa kawaida, utafiti umeonyesha kwamba ajali za msuli huo zimepungua karibu nusu. FIFA pia imetunga mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+. Yanachukua dakika 20 hivi na hayahitaji chombo ila bale.

(c) Malaria. Ugonjwa huu unaharibu chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazopeleka hewa safi kwenye misuli. Homa inaweza kwisha kwa siku chache za dawa, lakini damu inahitaji majuma ili ijengwe tena. Ndiyo maana mchezaji aliyetoka kwenye malaria anakimbia vizuri dakika kumi, kisha pumzi inakatika. Watu wanasema «mvivu yule». Si uvivu, ni damu.

Sasa tuseme wazi jambo moja. Wakati wa mechi watazamaji wanapiga kelele: «Aingie! Aingie!», wakimtaka mtu ambaye mguu wake umefungwa kitambaa. Naye, juu ya haya, anaingia. Kelele hiyo inaweza kumnyima kijana mguu wake kwa mwaka mzima, na jembe la nyumbani kwao linamngoja mguu ule ule.

4. NA BALE JE, INAMFIKIA?

Goli ni kazi ya watu kumi na mmoja. Kama wale wawili wa pembeni ndio wanaochechemea, nani atampelekea avanti bale? Hapo atapiga mashuti ya mbali, ya kulazimisha, na yale hayaingii. Halafu mabeki wote wa wapinzani wanamzunguka yeye peke yake.

Turudi kwa Leopards wa 1974. Baadaye wachezaji wenyewe walisimulia kwamba kule Ujerumani walipata habari kuwa fedha walizoahidiwa hawatapewa. Walikwenda uwanjani na moyo uliovunjika. Katika ile mechi ya Yugoslavia, Ndaye alifukuzwa na mwamuzi kwa kosa la teke alilopiga mwenzake, na yote ile haikumponya na lawama. Watu walioona 9–0 walicheka miguu yao. Hawakuuliza habari ya mioyo yao.

5. JUU YA MANENO YA UCHAWI

Tunajua ya kuwa kwetu, tangu Kasongo mpaka Kabambare na vijiji vyote vya kati, maneno haya hayaanzi kwa mpira. Mtoto akiugua, mpunga ukikauka, jina la mtu linatafutwa. Na jina likitajwa, halifutiki kwa sabuni. Mtu anaweza kufukuzwa kijijini, anaweza kupigwa, na watoto wake wanabeba jina hilo nyuma yake. Je, tufanye hivyo kwa mwanafunzi mwenzetu juu ya bale iliyopita pembeni ya mwamba?

Angalieni pia jambo hili. Anayesema «wamemfunga» hahitaji kuonyesha kitu. Timu ikikosa goli, anasema: «Mnaona?» Ikifunga, anasema: «Dawa imeisha nguvu.» Neno lisiloweza kukosea haliwezi kutufundisha kitu. Lakini anayesema «msuli wa paja haujapona» tunaweza kumpima: tungoje majuma matatu, tuone.

Wamoja watatuuliza kama basi tusiombe kabla ya mechi. Tuombe. Lakini maombi hayakatazi mguu kupumzika.

6. TUNAYOPENDEKEZA

Tumempa Bwana Prefe na mwalimu wa michezo mapendekezo haya, tunayaandika hapa ili kila mtu ayajue:

— Kabla ya kuandika orodha ya Kabambare, kila mchezaji apimwe: atembee, akimbie moja kwa moja, ageuke upesi, apige bale, aruke mara kumi kwa kila mguu. Mguu mmoja ukishindwa na mwenzake, apumzike, hata kama ni nyota.

— Wachezaji waliotoka kwenye malaria waongezewe mazoezi kidogo kidogo, na wasicheze mechi nzima upesi.

— Kitabu kidogo kifunguliwe. Kila mechi tuandike mashuti mangapi, nani amepiga, kutoka wapi. Baada ya miezi mitatu tutasema kwa hesabu, si kwa kelele.

— Avanti wetu, kama mguu wake umeonekana mzima, abaki katika orodha. Kama si mzima, jina lake liwekwe pembeni kwa sababu ya mguu, na sababu hiyo itangazwe mbele ya wote, ili mtu asije akasema ni sababu nyingine.

— Lile jina la mwanafunzi linalotajwa kisimani lisitajwe tena. Atakayelitaja, sisi makapita tutamwita, na tutamwomba afanye lile jaribio la karatasi mbele yetu mpaka aelewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Avanti anafunga mara 1 kwa mashuti 4. Tafuta nafasi ya kukosa mashuti 8 yote. (Jibu liko karibu na 0,1.)

2. Juu ya nini hatukandi kifundo kilichoteguka kwa maji ya moto siku ya kwanza?

3. Mchezaji amepona homa ya malaria tangu siku tano. Mwalimu anataka acheze dakika zote 90. Utamweleza nini kwa heshima?

4. Taja sababu tatu zinazoweza kumfanya mfungaji mzuri akose goli, bila kutaja mtu yeyote.

5. Jumamosi ijayo avanti akikosa tena, utasema nini kwa sauti, pale mbele za watu?

Lile la tano halihitaji karatasi. Jibu lake tutalisikia ku kiwanja.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita, kwa niaba ya makapita wote