Kabla Mbwa Hajaingia Getini

Anayetaka kufuga mbwa mjini, iwe Dar es Salaam au Nairobi, huanza kukagua ukuta, geti na ukubwa wa uwanja. Mimi ningeanza na watu wa nyumbani. Uwanja mpana haumfaidii mbwa anayeshinda humo peke yake, ilhali kauwanja kadogo kenye mtu wa kumshughulikia kanamtosha.

1. Ketini mkubaliane. Nani atamlisha, nani atamtembeza, nani atasafisha banda? Kazi hiyo ikiangukia dada wa kazi au mlinzi bila kuulizwa, atakayeumia ni mbwa. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anayemlilia leo huenda akawa chuoni mbwa angali hai. Kama kuna ndugu anayesafiri, mwombeni mkae na mbwa wake kwa muda. Mtaona wenyewe ni nani anaamka kumpa maji bila kukumbushwa.

2. Mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kumleta mbwa. Ruhusa iandikwe kwenye mkataba.

3. Mfikirie jirani. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayerandaranda kwenye ua wa pamoja humtaabisha sana mtu anayejiandaa kuswali. Mtengee sehemu yake, mbali na bomba, kamba za nguo na mlango wa mwenzio. Kama ua hauruhusu hilo, bora uahirishe.

4. Jenga banda kwa kufuata hali ya hewa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Banda la mabati matupu kwenye jua la Februari jijini Dar es Salaam linaweza kumuua. Liweke kivulini, liezeke kwa makuti au mbao, liinue juu ya matofali ili maji ya mvua yapite chini, na mlango usielekee upande unakotoka upepo wa mvua. Ndani aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Maji safi yawepo wakati wote. Na kama unaishi pwani, tafadhali usinunue mbwa wa manyoya mazito kama Husky, hata akikuvutia namna gani pichani. Mbwa wetu wa kienyeji wanalimudu joto hili vizuri zaidi.

5. Kama huna uzio imara, jenga uzio kwanza. Kumfunga mbwa mnyororo kutwa na kumfungulia usiku ni ukatili. Mbwa wa namna hiyo hukua na woga, na mbwa mwoga huuma hata watoto wa nyumbani.

6. Ondoa sumu. Sumu ya panya ni hatari, hata kwa mbwa aliyekula panya aliyekufa nayo. Utomvu wa mnyaa, ambao wengi huupanda kuwa uzio, huunguza macho. Chokoleti, vitunguu na zabibu asipewe kabisa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali.

7. Piga hesabu ya kila mwezi. Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji dagaa, nyama au chakula maalumu cha mbwa. Kuna dawa za minyoo na za kupe, na chanjo ya parvo anayoanza kupewa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Hii usiiahirishe hata mara moja, maana mtu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo ni nadra mno kupona. Wafundishe watu wote wa nyumbani kwamba anayeumwa na mbwa, awe wenu au wa mtaani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.