Mafunzo Niliyopata kwa Kufunga Kadi za COM kwenye Kompyuta za Zamani

Mizani ya magari, mashine ya kupima damu, swichibodi ya simu za ofisi: vifaa vya namna hii huishi kuliko kompyuta iliyonunuliwa pamoja navyo. Mizani iliyojengwa kwa zege na chuma hutumika miaka na miaka, na kichwa chake cha kusomea uzito huendelea kutoa namba kupitia poti ya siriali, ile yenye pini 9 ambayo wengi wetu tunaiita poti ya COM. Ndiyo maana sisi mafundi wa Kanda ya Ziwa bado tunafungua Pentium zenye Windows 98, na wakati mwingine DOS tupu. Ombi huwa ni lile lile: poti mbili zilizopo zimejaa, tuongezee nyingine.

Kadi yenyewe inachomekwa kwa bisibisi na skrubu moja. Ugumu uko kwenye kugawa. Kompyuta ya sasa inagawa rasilimali zake yenyewe. Ya zamani inamwachia fundi, na fundi asipogawa, vifaa vitagombana bila kusema kwa nini. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Jua nani anakaa wapi kabla ya kufungua kava

Kila poti ya COM ina vitu viwili: anwani, ambayo programu huitumia kuifikia, na namba ya IRQ, ambayo poti huitumia kumwita prosesa data inapoingia. Mgawo wa kawaida umekuwa ule ule kwa miongo: COM1 ni 3F8 na IRQ 4, COM2 ni 2F8 na IRQ 3, COM3 ni 3E8 na IRQ 4, COM4 ni 2E8 na IRQ 3. Fundi wa kazi hii aujue kwa moyo.

Kwenye DOS kuna njia ya haraka ya kuona baiosi imekuta poti zipi. Andika DEBUG, kisha D 40:0, na utazame baiti nane za mwanzo. Ukikuta F8 03 F8 02 00 00 00 00, maana yake 3F8 na 2F8 zimeonekana, na nafasi mbili zilizobaki ni tupu. Baiti ndogo inatangulia, kwa hiyo kila jozi isome kinyumenyume. Ukishaona, andika Q utoke. Kuna jambo la kuangalia hapa: baiosi hupanga zile ilizozikuta bila kuacha pengo. Ukizima poti ya 3F8, ile ya 2F8 inaweza kupanda na kuitwa COM1, na programu iliyokuwa ikiitafuta COM2 itasema haipo.

Usitegemee DOS ya kabla ya toleo 3.3 la mwaka 1987 kwa COM3 na COM4; haizijui.

2. Anwani nne, IRQ mbili: hapa ndipo kazi nyingi zinapofia

Tazama tena mgawo ule. Anwani ni nne tofauti, lakini IRQ ni mbili tu. COM1 na COM3 zinagawana IRQ 4, COM2 na COM4 zinagawana IRQ 3. Kwenye sloti za ISA, kadi za kawaida haziwezi kugawana IRQ kwa wakati mmoja. Ni kama nyumba mbili zenye kengele moja: ikilia, anatoka mmoja, na mgeni wa mwingine anabaki mlangoni.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mkoani Shinyanga, msimu wa ununuzi ukiwa umepamba moto na malori yamepanga foleni hadi barabarani. Karani wa mizani alinieleza tatizo kwa sentensi moja: “Fundi, nikifungua programu ya mizani, kipanya kinaganda.” Sentensi ile ilikuwa na jibu ndani yake. Kipanya kilikuwa cha siriali, kwenye COM1. Printa ya tiketi ilikuwa COM2. Mizani ilikuwa imeunganishwa kwenye kadi ya ISA iliyofungwa siku chache kabla, nayo ikiwa COM3, jampa zikiwa vile vile zilivyotoka kiwandani: 3E8, IRQ 4. Programu ikiifungua COM3, inaikamata IRQ 4, na kipanya kinakosa njia ya kuita.

Kadi ile ilikuwa na safu ya pini zilizoandikwa 2, 3, 4, 5 na 7. Jampa, kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili, nikakitoa kwenye 4 nikakiweka kwenye 5. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Nusu ya pili ni kuiambia Windows, maana haiwezi kuiona jampa. Kwenye Windows 98 unaingia kwenye orodha ya vifaa, unafungua poti husika, unaondoa alama ya mpangilio wa kujiendesha na kuweka IRQ 5 kwa mkono. Kwenye Windows 3.1 unafungua faili la SYSTEM.INI na chini ya [386Enh] unaandika COM3Irq=5. Baada ya kuiwasha upya, lori la kwanza lilipanda, uzito ukatokea kwenye skrini, na kipanya kikawa kinatembea.

IRQ 5 mara nyingi ni huru kwa sababu iliwekewa printa ya pili, LPT2, ambayo kompyuta chache zinayo. Lakini kadi za sauti za Sound Blaster na zilizozifuata nazo huipenda. Kwenye kompyuta ya mizani kadi ya sauti haina kazi, itoe.

3. Hesabu meno ya kadi

Kadi fupi ya ISA, ile ya biti 8 yenye kipande kimoja cha meno, inafikia IRQ 2 hadi 7 tu. Na kwenye mashine za kuanzia IBM AT ya mwaka 1984, ile inayoitwa 2 kwenye kadi inaonekana kwa mfumo kama 9. Kadi ndefu ya biti 16, yenye vipande viwili, inaweza kufikia 10, 11, 12 na 15, kama mtengenezaji ameziwekea jampa. Ukihitaji poti nne zinazofanya kazi kwa pamoja, nunua ndefu. Mgawo ninaoupenda ni 4, 3, 5 na 10.

COM4 ina mtego wake. Anwani 2E8 inatumiwa pia na kadi za picha zilizofuata mtindo wa IBM 8514/A, zikiwemo nyingi za S3 na baadhi za ATI. Ukikuta COM4 haionekani kabisa ingawa kadi ni nzima, angalia jina lililo kwenye chipu ya kadi ya picha kabla hujatafuta kosa kwingine.

4. Baiosi nayo ina mamlaka

Kwenye mazabodi za Pentium, poti mbili za kwanza ziko kwenye bodi yenyewe na zinasimamiwa na baiosi. Kama moja haitumiki, izime humo humo, ili IRQ yake ibaki huru kwa kadi. Halafu nenda ukurasa wa PnP/PCI, tafuta IRQ uliyoichagua kwa jampa, uiweke Legacy ISA. Usipofanya hivyo, baiosi inaweza kuipa kadi ya mtandao ya PCI namba ile ile, na poti iliyofanya kazi jana ikafa siku kadi ya mtandao inapowekwa.

Betri ya baiosi ikiwa imechoka, mpangilio wote huo unapotea umeme ukikatika. Kwa mashine ya umri huu mimi hubadilisha betri kwanza, bila kuulizwa.

5. Waya wa pini 10 si mmoja

Hili limewapotezea mafundi muda mwingi kuliko hata IRQ. Kadi nyingi zina soketi moja ya pini 9 mgongoni, na poti ya pili inatoka kwenye pini 10 zilizo juu ya kadi, kupitia utepe wa waya unaoishia kwenye kibati cha nyuma. Nyaya hizo ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana kabisa. Kwenye aina ya kwanza namba zinakwenda sawa: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Kwenye ya pili utepe umebanwa moja kwa moja, hivyo 1 inakwenda 1, lakini 2 inakwenda 6, 3 inakwenda 2, 4 inakwenda 7, na 5 inakwenda 3.

Ukichukua waya wa kadi moja ukaufunga kwenye kadi nyingine, poti itaonekana kwenye DOS, itaonekana kwenye Windows, na haitapitisha herufi hata moja. Weka mita kwenye mlio. Gusa pini 5 ya soketi ndogo ya utepe, ile inayokaa kwenye pini 10 za kadi, kisha pini 5 ya kiunganishi cha nje. Ikilia, ni aina ya kwanza. Ikilia kwenye pini 3, ni ya pili. Halafu linganisha na kadi: pini 5 ya nje ndiyo ya ardhi, kwa hiyo pini inayoilisha lazima iwe imeungana na ardhi ya kadi. Kwenye duka la vifaa vya mtumba, kadi na waya wake vinunuliwe pamoja.

6. Kutuma si kupokea

Fundi anaandika amri ya MODE kwenye DOS, anatuma maneno kwenye printa, yanachapwa, anaondoka. Kesho yake anaitwa tena. Sababu ni kwamba DOS na baiosi zinapotuma kwenye poti hazitumii IRQ. Zinaiuliza poti kila mara kama iko tayari. Jaribio hilo linathibitisha anwani tu. Programu ya mizani inayosubiri data iingie ndiyo inayotegemea IRQ.

Jaribio linalotosha ni hili. Unganisha pini 2 na pini 3 kwa waya mfupi, fungua HyperTerminal ya Windows 98 kwenye poti ile, zima udhibiti wa mtiririko, kisha andika. Herufi zikirudi kwenye skrini na zikakoma ukitoa waya, basi anwani, IRQ, chipu na waya wa kibati vyote ni vizima. Pia usiziamini programu za uchunguzi zinapotaja IRQ. MSD ya Microsoft inaonyesha vizuri anwani na aina ya chipu, lakini IRQ inayoandika mara nyingi ni ile ya kawaida, haikusoma jampa.

7. Chipu: tafuta herufi A

Chipu za 8250 na 16450 hushika herufi moja tu. Ikiingia nyingine kabla prosesa hajaichukua ya kwanza, imepotea. Kwa kasi ya 9600, ambapo herufi huja kama 960 kwa sekunde, kompyuta yenye kazi chache inamudu. Kwa modemu, poti ikiwekwa kwenye kasi ya 115200, haimudu. 16550A ina akiba ya baiti 16, na tofauti yake inaonekana siku hiyo hiyo. Ile 16550 isiyo na A ilikuwa na hitilafu kwenye akiba hiyo, kwa hiyo soma maandishi ya juu ya chipu hadi mwisho.

8. PCI ni nzuri, ila si kwa DOS

Kadi ya PCI hupewa anwani na IRQ na mashine, na inaruhusiwa kugawana IRQ. Kwa Windows na Linux ndiyo chaguo langu la kwanza. Weka draiva, umemaliza. Lakini anwani inayopewa si 3F8 wala 3E8. Programu ya DOS iliyoandikwa kwenda moja kwa moja kwenye 3E8 haitaikuta kamwe. Kwa programu hizo tafuta ISA, na utambue kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mazabodi nyingi mpya hazikuwa na sloti hiyo tena. Kibadilishi cha USB nacho hakiisaidii programu ya namna hiyo.

9. Pima umeme wa pini 3

Kanda ya Ziwa ina radi, na waya unaotoka kwenye mizani ya nje hadi ofisini huileta ndani. Kabla ya kuilaumu programu, pima kati ya pini 3 na 5 ya poti ya kompyuta ikiwa imetulia. Inatakiwa kuwa hasi, kati ya volti 3 na 15. Kwa kawaida utakuta karibu na hasi 10 au 11. Ukikuta sifuri, chipu ya 1488 imekufa au pawa saplai haitoi hasi 12. Kwenye kadi za zamani 1488 na mwenzake wa kupokea, 1489, mara nyingi hukaa kwenye soketi, na bei yake ni ndogo. Kadi nzima haina haja ya kutupwa.

Na nyaya hizi zichomekwe na kuchomolewa vyombo vyote vikiwa vimezimwa.

10. Andika

Ndani ya kava la kila mashine ninayoifungua hubandika karatasi: poti, anwani, IRQ, kifaa kilichounganishwa, aina ya waya wa pini 10, na picha ya jampa niliyoichora kwa kalamu. Fundi atakayekuja baada yangu huenda hatakuwa na kitabu cha kadi, maana vitabu hivyo vimekwisha. Kadi nyingi zisizo na jina hazina maelezo popote isipokuwa kile kikaratasi kilichokuja nazo kwenye boksi. Ewe mwenye duka la mtumba, na wewe mhasibu unayesafisha stoo: ukikikuta, usikitupe. Kifunge kwa mpira pamoja na kadi yake, umpe fundi.