Kinga Huanza na Anayesikia Mnong'ono



Somo letu leo ni uharibifu shuleni, na naanza na kosa langu. Nikiwa kidato cha tatu, usiku mmoja bwenini, niliwasikia wenzangu wakipanga kuvunja madirisha ya maabara, eti mtihani uahirishwe. Sikurusha jiwe. Nilijifunika blanketi nikajiambia, "Mimi si msaliti." Asubuhi tukaambiwa mzee wetu wa ulinzi yuko hospitalini. Jiwe lilimpata jichoni.

Jamani, mambo haya huanza kidogo tu. Machi 2001, moto uliowashwa makusudi katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67.

Mtakatifu Yohane Bosco, alipokuwa padre kijana kule Torino, alitembelea magereza. Aliona vijana wanatoka, kisha wanarudi tena, kwa kuwa huko nje hawakuwa na mtu wa kuwajali. Ndipo akachagua malezi ya kuzuia, yenye nguzo tatu: akili, dini na upendo. Yaani, kuwa karibu na kijana kabla hajakosa, si kumngoja na kiboko.

Basi, ukisikia mpango kama ule, ufanye nini?

1. Mwendee mwenzako mkiwa wawili tu, kama Yesu anavyofundisha (Mt 18:15). Huenda anangoja mtu wa kumwambia, "Acha."
2. Kukiwa na hatari kwa maisha ya mtu, usingoje kesho. Mwambie mwalimu unayemwamini usiku huohuo. Huo si usaliti.
3. Kama kuna malalamiko ya kweli, ya chakula au adhabu, yafikisheni mapema kwa walimu au padre mlezi, kabla hayajawa hasira.

Na kama umeshakosa? Katekisimu (2409) inafundisha kwamba anayeharibu mali kwa makusudi anadaiwa kufidia. Zakayo hakuishia kusema pole, alirudisha (Lk 19:8).

Nilipoungama, padre aliniambia niende kwa yule mzee. Nilienda na kilo mbili za sukari, nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ungenigongea tu dirisha, nisingepita upande ule."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tafakari: ni jambo gani umelisikia wiki hii ukajifunika blanketi?

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kusema mapema, na kwa upendo. Amina.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.