Vunjajungu: Dume au Jike?

Swali: Nimeletewa vunjajungu wawili kutoka mashamba ya kakao ya Beni, nami nachelea kuwaweka pamoja nisije nikawapoteza. Nitajuaje dume na jike? — Msomaji, Butembo.

Jibu: Hofu yako, ndugu, ni halali, maana jike mwenye njaa humla dume hata wakiwa katika kujamiiana. Mtie kila mmoja katika chupa ya kioo, umtazame tumbo kwa upande wa chini, ukihesabu pingili toka kifuani hata mkiani: dume aliyepevuka huonyesha 8, na jike 6, ile ya mwisho ikiwa kubwa kupita zote. Kwa wachanga hesabu hii haisadikiki. Subiri wajivue ngozi mara kadhaa, na kwa baridi ya Butembo, ambako wadudu hukua polepole kuliko huko Beni, itakulazimu kusubiri zaidi. Akishapevuka, dume huwa mwembamba, vipapasio vyake virefu na vinene, mabawa yakipita ncha ya tumbo. Jike ni mzito, wala hamudu kuruka mbali, hivyo anayejia taa usiku aghalabu ni dume. Kabla ya kuwakutanisha, mlishe jike panzi hata akinai.