SOMO: MIKONO INAYOONEKANA SAFI
Jinsi ya kuwafundisha watoto wa nasari juu ya viini na kunawa mikono

Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya vikundi vyenye shule ya nasari, au vile ambavyo watoto huletwa pamoja wakati kina mama wako kwenye mkutano au shambani. Halihitaji pesa nyingi. Linahitaji mkaa, mafuta kidogo ya kupikia, sabuni, kopo la maji na subira.

Kwa nini tuliamua kufundisha

Huku kwetu Kitui, mvua za Novemba zikianza sisi hufurahi, maana ng'ombe wamekonda na mitungi iko mikavu. Lakini mvua hizo za kwanza pia huosha uchafu wote wa vichakani na kuupeleka mtoni, kule tunakochimba visima kwenye mchanga. Msimu mmoja watoto wetu wa nasari walianza kuendesha. Alianza mmoja siku ya Jumatatu. Kufikia Ijumaa walikuwa tisa kati ya watoto 32. Mmoja alilazwa akawekewa maji kwa mshipa, akapona. Mdogo wake wa miezi minane, ambaye hata hakuwa anaenda shule, aliambukizwa nyumbani. Huyo tulimzika.

Tulipokutana baada ya matanga, mama mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: "Hao watoto wote wametoka nyumba tofauti na wanateka maji sehemu tofauti. Sasa walikutania wapi?" Tulikaa kimya. Kisha mwalimu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba saa nne kabla ya uji watoto wote hunawa katika karai moja, na bila sabuni.

Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Karai tulilinunua sisi wenyewe, na nyumbani tunafanya vivyo hivyo.

Viini ni nini?

Viini ni viumbe hai vidogo sana, hata macho hayawezi kuviona. Vingi havina madhara. Vile vinavyoleta kuhara hutoka katika kinyesi cha mtu au cha mnyama. Mtoto akitoka chooni, au mama akimpangusa mtoto, viini hubaki mikononi. Kutoka hapo huingia kwenye chakula, kwenye kikombe, au moja kwa moja mdomoni. Nzi na maji machafu nao huvisafirisha, lakini mkono ndio barabara kuu.

Wasomi wenyewe walichelewa kulijua jambo hili. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kina mama waliozalishwa na madaktari wakifa kwa homa kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Aligundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaagiza wote wanawe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa kina mama kama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa kama 2 tu. Hata hivyo madaktari wengi walimkataa, kwa sababu mikono yao ilionekana safi na hakuweza kuwaonyesha kilichokuwa juu yake.

Shida ya Semmelweis ndiyo ya mwalimu wa nasari. Mtoto wa miaka minne haamini asichokiona. Basi kazi yetu ni kumwonyesha.

Zoezi la kwanza: Salamu ya mkaa

Saga kipande cha mkaa mpaka kiwe unga, kisha changanya na matone machache ya mafuta ya kupikia. Mtu mmoja apakwe kwenye kiganja cha kulia. Halafu asalimiane na wawili watatu, na hao wasalimiane na wengine. Warushiane mpira, washike vikombe, wafungue mlango. Baada ya dakika kumi wote wakae chini waangalie. Mkaa uko wapi? Utaukuta kwenye mpira, kwenye kikombe, kwenye nguo, na bila shaka kwenye pua na midomo ya wengine.

Hapa tulifanya kosa ambalo tunataka ninyi mliepuke. Siku ya kwanza tulimpaka mtoto mmoja, na wenzake wakaanza kumcheka na kumwita mchafu. Alilia, na kesho yake hakuja shule. Tangu siku hiyo, wa kwanza kupakwa ni mwalimu mwenyewe. Watoto wanapoona mkaa umetoka kwa mwalimu, hakuna wa kuchekwa. Wanaelewa kwamba viini havichagui mtu.

Zoezi la pili: Maji matupu na sabuni

Mikono ikiwa bado na mkaa, gawa watoto katika vikundi viwili. Kikundi cha kwanza wanawe kwa maji peke yake. Cha pili wanawe kwa sabuni na kusugua viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, mpaka mwalimu ahesabu polepole hadi 20. Kisha kila mtoto ajipanguse kwenye kitambaa cheupe. Vitambaa vitundikwe ukutani vikae wiki nzima.

Waulize: mama akiosha sufuria ya mafuta kwa maji matupu, inatakata? Watajibu wenyewe. Viini hushika kwenye mafuta na uchafu wa ngozi, na sabuni huvibandua ili maji yavipeleke. Ndiyo maana kusugua ni muhimu kama sabuni yenyewe.

Kuna walimu wanaotumia pilipili manga: huinyunyiza juu ya maji ya sahani, kisha huchovya kidole chenye sabuni na pilipili hukimbilia pembeni. Watoto hupenda sana. Lakini mkifanya hivyo, waambieni kwamba viini haviogopi sabuni wala havikimbii. Kama hawakusugua na kusuuza, viini bado vipo. Na angalieni pilipili isiingie machoni.

Zoezi la tatu: Mkate ndani ya chupa

Tafuteni chupa mbili za kioo zenye vifuniko, kama zile za jemu. Zichemsheni zipoe. Chukueni vipande viwili vya mkate mmoja. Kipande cha kwanza kipitishwe mikononi mwa watoto waliotoka kucheza. Cha pili kishikwe na mtu aliyenawa vizuri kwa sabuni. Kila kimoja kinyunyiziwe matone machache ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha chupa zifungwe na kuandikwa alama. Kila asubuhi watoto waangalie bila kufungua.

Mara nyingi, baada ya siku tano hadi saba, mkate wa mikono michafu huwa umeota ukungu mwingi kuliko ule mwingine. Msishangae kama wote wawili wataota, maana mbegu za ukungu zimo pia hewani. Ukungu si kiini cha kuhara, bali unawasaidia watoto kuelewa kwamba kitu kisichoonekana leo kinaweza kuwa hai na kuongezeka. Mwishoni mtu mzima atupe mkate katika shimo la takataka na achemshe chupa. Watoto wasiguse.

Zoezi la nne: Kujenga kibuyu chirizi

Somo bila mahali pa kunawia ni maneno tu. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila duka na kila kanisa lilikuwa na tangi la kunawia mlangoni. Leo mengi yamekauka. Kibuyu chirizi hakihitaji mfadhili, na watoto wanaweza kusaidia kukijenga:

1. Simika miti miwili yenye panda, ikiachana kama hatua moja. Urefu uwe wa kifua cha mtoto, siyo wa mwalimu.
2. Toboa mtungi wa plastiki wa lita 5 kwa msumari wa moto, tundu moja dogo, upana wa kiganja na nusu chini ya kifuniko. Kazi hii ni ya mtu mzima.
3. Pitisha mti wa tatu kwenye mkono wa mtungi na uulaze juu ya panda. Tundu litazame upande wa mnawaji.
4. Funga kamba shingoni mwa mtungi, na ncha ya pili kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto akikanyaga kijiti, mtungi unainama na maji yanachirizika. Hashiki kitu kwa mkono.
5. Ning'iniza sabuni kwa kamba, na juu yake weka kopo tupu lililofunikwa kichwa chini ili mvua isiyeyushe sabuni.
6. Mwaga kokoto chini ili pasiwe na tope.

Jazeni maji mpaka karibu na tundu. Tumepigia hesabu nusu kikombe cha maji kwa mtoto mmoja, kwa hiyo lita 5 zinanawisha watoto 40. Karai letu lilikuwa linakula maji zaidi ya hayo na kurudisha uchafu.

Kuhusu sabuni, kipande kikiibwa au kunguru wakikichukua (kwetu wamechukua mara mbili), tumieni sabuni ya unga. Koroga vijiko vichache katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, na chupa hiyo itatumika siku nyingi. Andikeni kwenye chupa kwamba ni sabuni, mtoto asije akainywa. Mkikosa sabuni kabisa, jivu safi lililopoa ni afadhali kuliko maji matupu.

Mtoto akirudi nyumbani

Hapa ndipo somo linapopimwa. Wiki ya tatu, mama mmoja wa kikundi alitueleza yaliyotokea kwake. Chakula kilikuwa tayari, na beseni likapitishwa kama kawaida: kwanza babu, kisha baba, halafu wengine, na mwisho watoto. Binti yake wa miaka mitano aliangalia yale maji akakunja mikono.

"Nawa ule," babu akamwambia.

"Babu, hayo maji yana mkaa wenu."

Nyumba ilinyamaza. Mzee hakufurahi. Alisema nyumba hiyo imekula kwa beseni hilo tangu baba ya mtoto hajazaliwa. Mama aliona haya, akataka kumchapa. Lakini akakumbuka ni kikundi chake kilichomfundisha mtoto. Akapiga goti, akasema, "Baba, naomba utusamehe. Akija mgeni si huwa tunammiminia maji kwa jagi? Niruhusu nikumiminie wewe kama mgeni, halafu watoto nao." Mzee alikaa kidogo, akanyoosha mikono. "Haya, mimina. Na sabuni iko wapi?"

Tunataka mlione jambo hili vizuri. Mila ya kumiminia maji tunayo tayari, ni ya heshima kabisa. Tuliiweka kwa ajili ya wageni tu, na watoto wetu wakabaki na maji ya mwisho. Hatuleti desturi mpya. Tunaipanua ile nzuri. Wala tusimtume mtoto akagombane na wakubwa. Kikundi kizungumze na wazazi na wazee kabla somo halijaanza, siyo baada ya beseni kukataliwa.

Nyakati za kunawa ambazo kila mtoto azijue

- Baada ya kutoka chooni.
- Kabla ya kula, hata kama ni embe au muwa tu.
- Baada ya kushika kuku, mbuzi au mbwa.

Na sisi wakubwa tuongeze: baada ya kumpangusa mtoto, kabla ya kupika, na kabla ya kunyonyesha au kumlisha mtoto. Kinyesi cha mtoto mchanga si kisafi, kina viini kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni.

Kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Hakumalizi. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa, na choo kifunikwe. Mtoto akianza kuendesha, endelea kumnyonyesha na kumpa vinywaji, mpe maji ya chumvichumvi ya paketi kutoka zahanati, na uulize dawa ya zinki. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au kinyesi kina damu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mvua zilizofuata watoto wawili waliendesha, na hakuna aliyelazwa. Hatusemi ni kwa sababu ya kibuyu peke yake. Lakini karai lile sasa tunachanganyia chakula cha kuku.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nasari yetu, watoto hunawa wapi, saa ngapi, na kwa nini?
2. Nyumbani kwetu, nani hunawa kwanza na nani hunawa mwisho?
3. Nani atajaza mtungi kila asubuhi, na nani atamshika mkono siku akichoka?
4. Sabuni ya mwezi mmoja ni pesa ngapi? Kila mwanachama akitoa kiasi gani, inatosha?
5. Ni mzee gani tumwendee kwanza, ili atuunge mkono?

Chagueni siku, chukueni mkaa, na mwanze. Wa kwanza kupakwa awe mwenyekiti.