Kamera Imetoka kwa Fundi na Haishiki Fokasi: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Korosho zikianza kulipa, kuanzia Oktoba hadi Desemba, Nachingwea na Ruangwa hakuna mwisho wa juma mtupu. Mnada wa korosho wa chama cha ushirika cha RUNALI ukipita na fedha zikiingia kwenye akaunti za wakulima, harusi, ubarikio na sherehe za kumtoa mwali zinapangwa moja juu ya nyingine. Hapo ndipo kamera zilizochakazwa na vumbi la kiangazi zinapopakiwa kwenye basi kwenda kwa fundi Dar es Salaam, na baadhi yake zinarudi zikishika fokasi vibaya kuliko zilivyoondoka. Maagizo haya yanamhusu mwenye DSLR, zile Canon na Nikon za mtumba zinazoendesha studio nyingi. Yafuate kwa mpangilio. Anayeruka hatua huishia kubishana na fundi kwa simu, bila ushahidi wowote mkononi.

Usipokee kazi kwa kamera ambayo hujaijaribu tangu irudi. Hata kama basi limefika Ijumaa na harusi ni Jumamosi. Azima kamera ya mwenzako, au mpe mwenzako kazi mgawane. Mteja wa picha ya pasipoti atakuja tena kesho. Mwali akishatolewa ndani ametolewa. Hakuna somo wala bibi atakayemrudisha chumbani eti mpiga picha hakupata fokasi.

Andika kabla ya kutuma. Namba ya kamera, namba ya lenzi, na picha chache za gazeti lililobandikwa ukutani, zikiwa na tarehe. Memori na betri baki navyo.

Muulize fundi alifungua nini. Swali la "umemaliza?" halisaidii. Uliza: ulitoa boksi la kioo? Uligusa sensa? Ulifungua lenzi, ukabadilisha fleksi? Kila jibu lina ugonjwa wake. Aliyebadilisha shata amelazimika kutoa boksi zima la kioo, kwa hiyo uwezekano wa fokasi kuhama ni mkubwa. Aliyebadilisha fleksi ya lenzi hakugusa kioo cha kamera hata kidogo. Na kifaa kibovu kilichotolewa kidai kirudi pamoja na kamera. Fundi mzuri hataona vibaya.

Anza na mambo ya kijinga. Swichi ya lenzi iko AF au MF? Ukiifuta lenzi kwa kitambaa, swichi hiyo husogea yenyewe. Kamera iliyorudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani imefuta mazoea yako yote: kama ulizoea kushika fokasi kwa kitufe cha nyuma, sasa kazi hiyo imerudi kwenye kitufe cha kupigia. Nukta ya fokasi nayo imerudi kwenye hali ya kamera kujichagulia, na ikijichagulia hupenda kilicho karibu: shada la maua badala ya uso wa bibi harusi. Mwisho, zungusha kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kutazamia mpaka maandishi yaliyo ndani yasomeke vizuri. Wapo waliorudisha kamera Dar kwa sababu ya kigurudumu hicho tu, wakati picha zenyewe hazikuwa na kasoro.

Usimlaumu fundi kwa lenzi isiyo na mota. Canon za EOS, tangu mwaka 1987, mota ya fokasi iko ndani ya lenzi. Nikon ni habari nyingine. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, kamera zake za bei nafuu hazina mota mwilini, kwa hiyo 50mm f/1.8D ya zamani ukiifunga kwenye D3100 haitashika fokasi yenyewe leo wala milele. Lenzi za AF-P nazo hazikubaliani na D3100. Kama lenzi umeinunua wakati kamera iko kwa fundi, anzia hapo.

Badilishaneni lenzi. Tafuta mwenye kamera ya aina moja na yako, uwe Nachingwea au Ruangwa, mtakutana tu. Lenzi yako ikisumbua kwenye kamera yake pia, lenzi ndiyo mgonjwa. Lenzi yake ikisumbua kwenye kamera yako, mgonjwa ni kamera. Jaribio hili halina gharama zaidi ya nauli ya bodaboda, na bado watu hawalifanyi.

Futa vidoti vya shaba kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Ni vile vya dhahabu-dhahabu nyuma ya lenzi na kwenye mdomo wa kamera. Canon ikiandika Err 01 inakuambia haielewani na lenzi, na mara nyingi uchafu wa hapo unatosha kuleta ugomvi huo. Msasa marufuku. Mate marufuku.

Linganisha kitundu na skrini. Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Ukichungulia kwenye kitundu, mwanga hupita kwenye kioo kikubwa. Sehemu yake hugonga kioo kidogo kilichojificha nyuma, nacho huurusha chini kwenye sensa ya fokasi iliyo sakafuni mwa boksi. Kioo kidogo kikikaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kamera italia "pii", itawasha taa ya kijani, na picha itatoka na ukungu huku kamera ikiapa kuwa imeshika. Ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma, vioo vyote viwili vimeinuliwa na fokasi inapimwa na sensa ya picha yenyewe. Kwa hiyo skrini haidanganywi na kioo kilichokaa vibaya.

Fanya hivi. Bandika gazeti ukutani, nje kivulini, siyo chini ya taa ya tyubu. Weka kamera kwenye tripodi, umbali wa mita mbili na nusu kama lenzi ni 50mm. Fungua tundu lote, f/1.8 kama lipo. Chagua nukta moja ya katikati. Piga kwa kitundu mara kadhaa, na kila mara zungusha kwanza pete ya fokasi ya lenzi mpaka mwisho ili kamera itafute upya. Kisha piga idadi ileile kwa skrini. Zikuze mpaka uone nukta za wino wa gazeti.

Skrini safi, kitundu kina ukungu wa aina moja kila mara: kioo au sensa haikukaa mahali pake, rudisha. Vyote viwili vina ukungu, na lenzi inahangaika mbele na nyuma: shuku mota, fleksi au vidoti. Picha moja nzuri, inayofuata mbaya, bila mpangilio: kuna kitu kimelegea. Na kama hata kwa mkono huwezi kupata fokasi ya mti wa mbali, huenda kuna pete nyembamba ambayo haikurudi sawasawa wakati wa kufunga lenzi au mdomo wa kamera.

Usiguse kipini cha kioo. Kamera nyingi zina kipini kidogo chenye tundu la pembe sita ndani ya boksi, na video za kuonyesha namna ya kukizungusha zimejaa. Ukikizungusha, umefuta kosa la fundi na kuandika la kwako, na udhamini umekufa.

Usiifiche hitilafu kwa menyu. Canon 5D Mark II, 7D na 6D, na Nikon kama D7000, zina sehemu ya kusogeza fokasi kidogo kwa kila lenzi. 600D na 700D hazina, usipoteze usiku kuitafuta. Hata penye nafasi hiyo, ukijikuta umefika mwisho wa kipimo ndipo picha inakaa sawa, kioo kimehama, rudisha kamera.

Usipeleke kamera gereji ipulizwe na kompresa. Imefanyika, na inafanyika kila kiangazi. Upepo wa kujaza tairi la lori unapinda majani ya shata na kusukuma vumbi la salfa ya mikorosho mahali ambapo halikuwepo. Nunua kipulizio cha mpira. Kioo usikifute kwa shati. Rangi yake ya fedha iko juu, si nyuma kama kioo cha kabati.

Ukirudisha, rudisha vyote viwili. Kamera na lenzi, zikiwa zimetenganishwa na kufunikwa, kila kimoja na godoro lake ndani ya boksi, na stakabadhi ya kifurushi mkononi. Picha za jaribio zitume WhatsApp kama dokumenti. Ukizituma kama picha zinabanwa, na fundi ataona ukungu wa WhatsApp badala ya ukungu wa kamera yako.

Wakati unasubiri jibu, piga kwa skrini. Kama jaribio lilionyesha skrini iko safi, picha za kupanga watu zitakwenda vizuri. Ngoma usijaribu, wala mechi ya Namungo pale Uwanja wa Majaliwa: kwenye DSLR za zamani fokasi ya skrini ni nzito, mchezaji atakuwa amefika golini wewe bado unatafuta. Na beba betri ya pili, skrini inakula chaji.