Maji ya mserereko nayo yana gharama: mwongozo kwa mteja wa maji, Mbinga hadi mwambao wa Nyasa

Umatengo, yaani nchi ya milima ya Mbinga, kuna msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, na kuanzia hapo kijito chochote unachokiona kikitiririka katika mabonde ya Mbinga kinatoa akiba iliyofichwa ardhini. Katika nchi ya milima kama hii, njia nafuu ya kuwafikishia watu maji ni kuyakinga juu, kwenye chemchemi au kijito, kisha kuyaacha yateremke ndani ya bomba hadi kwenye tenki na majumbani. Huo ndio mserereko. Haudai umeme wala dizeli, na ndiyo maana wengi wakishika bili huuliza: maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani, sisi tunalipia nini?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini miradi mingine ya maji hudumu na mingine hukauka kabla rangi ya tenki haijachujuka.

Maji ya bure tulishayajaribu. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila Mtanzania wa kijijini maji safi karibu na makazi yake ifikapo 1991. Vijijini maji hayakuwa yakilipiwa. Mabomba yalitandazwa, visima vikachimbwa, wafadhili wakachangia, lakini haikuwepo fedha ya uhakika ya vipuri, ya fundi, wala ya mafuta ya pampu. Miaka 20 ilipotimia lengo lilikuwa bado mbali, na vituo vingi vilivyojengwa vilikuwa havitoi tena maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitokana na funzo hilo, ikataka watumiaji wagharamie uendeshaji na matengenezo ya mradi wao. Sera hiyo hiyo iliweka kipimo kinachofaa kukaririwa: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila kituo kihudumie watu 250. Ukitaka kujua kama mtaa wako unahudumiwa ipasavyo, anza kupima hapo.

Mjini, anayewajibika ni mamlaka ya maji na usafi wa mazingira. Vijijini, tangu Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikifanya kazi na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi tumezoea kuviita kamati za maji. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, husimamia mamlaka za mijini na kuidhinisha bei zao. Maji yenyewe, kabla hayajaingia kwenye bomba la mtu yeyote, yako chini ya bodi ya maji ya bonde. Kwa vijito vinavyoteremkia Ziwa Nyasa, hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Wengi hawajui kwamba hata mamlaka ya maji yenyewe lazima iwe na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde na ikilipie ada.

Sasa turudi kwenye gharama. Maji yakishuka mita 10 ndani ya bomba lililojaa, mgandamizo huongezeka kwa karibu bar 1. Yakishuka mita 100, ni bar 10, na hapo bomba la plastiki la daraja la PN10 limefika kikomo chake. Milima ya Umatengo inafika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 474. Mtu anayepeleka maji kuteremka miteremko hiyo hana budi kujenga njiani matangi ya kupunguza mgandamizo, ambamo maji hutua, hupumua, kisha huanza safari upya. Valvu za matangi hayo huchakaa. Usiku watu wanapolala na koki zimefungwa, mgandamizo hupanda, na ndiyo maana mabomba mengi hupasuka alfajiri. Anayetoboa bomba porini ili amwagilie bustani hapunguzi maji tu, bali huingiza hewa na tope kwenye njia nzima, na wa mwisho mtaani ndiye anayekosa.

Kwenye chanzo nako kuna kazi. Kitekeo, yaani mahali maji yanapokingwa, hujaa mchanga na majani kila mvua kubwa inaponyesha na lazima mtu akakisafishe. Maji yakichafuka tope, dawa ya klorini hufanya kazi vibaya, hivyo lazima kwanza yatulizwe na kuchujwa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanapofika kwa mtumiaji yawe yamebakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Harufu kidogo ya dawa kwenye ndoo ni dalili njema, msiikimbie.

Hayo yote hulipiwa na maji yanayofika kwenye dira, yaani mita ya mteja, na kulipiwa. Yanayopotea njiani hayalipi kitu, lakini yamekwisha kukingwa, kutibiwa na kusafirishwa. Kiwango kinachokubalika nchini ni upotevu usiozidi asilimia 20, ilhali taarifa za EWURA za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha wastani wa mamlaka za maji ukizidi asilimia 30. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo takwimu ambayo kila diwani na kila mwananchi angepaswa kuiuliza kwanza, kabla ya kuuliza habari za mradi mpya. Kabla hatujaomba chanzo kingine, yako wapi yaliyopo?

Jambo hili linawezekana. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa umetoka vitani na ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake. Mamlaka ya maji ya mji huo ilifunga dira kwa kila mteja, ikatoza wakubwa na taasisi za serikali sawa na watu wengine, ikawabana watumishi waliokuwa wakiuza maji kwa mlango wa nyuma, na ikaweka vikosi vya kuziba mivujo. Ndani ya miaka isiyofika 20 upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6. Nidhamu ndiyo iliyoleta mageuzi yale, na nidhamu hainunuliwi kwa mkopo.

Upande wako wa dira, kazi ni nyepesi. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kwenye dira nyingi tarakimu nyeusi ndizo uniti, na nyekundu ni sehemu za uniti ambazo bado hazijatimia. Familia ya watu 6 inayotumia lita 25 kila mtu itamaliza lita 150 kwa siku, yaani uniti nne na nusu kwa mwezi. Kama mna choo cha kuvuta maji au bustani, mtapita hapo. Lakini kama hamna, na bili inasema uniti 15, kuna tatizo, na si lazima liwe la msomaji wa dira. Funga koki zote usiku, andika namba zote pamoja na zile nyekundu, kisha soma tena alfajiri kabla mtu hajachota. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja ndani ya eneo lako. Dira nyingi pia zina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa mtiririko mwembamba. Koki zikiwa zimefungwa nacho kinazunguka, umepata jibu bila kusubiri asubuhi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde humwaga zaidi ya lita 20 kwa siku, karibu fungu lote la mtu mmoja kwa kipimo cha sera.

Mivujo iliyoko kabla ya dira ni ya mamlaka, nawe wajibu wako ni kutoa taarifa mara moja. Usimwite kishoka, yaani fundi asiye wa mamlaka. Anayekuunganishia maji bila dira anakuuzia maji ya jirani yako, na sheria inahesabu hilo kuwa kosa la jinai kwako pia.

Kuhusu bei, mamlaka haiwezi kujipandishia. Huwasilisha maombi EWURA, na kabla ya uamuzi wananchi huitwa kwenye mkutano wa taftishi kutoa maoni. Hudhuria, na uende na maswali yenye namba: mnapoteza asilimia ngapi, wateja wangapi hawana dira, taasisi gani zinadaiwa, fedha ya mwaka jana ilinunua nini? Kijijini, dai chombo chenu kisome mapato na matumizi mbele ya mkutano wa kijiji. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, ubaki na nakala. Mamlaka ya maji isipokuridhisha, nenda EWURA.

Juu ya dira na bomba kuna mlima, na hapa Wamatengo wana urithi ambao watafiti wa mbali wamekuja kuusoma. Kilimo cha ngoro kinalazimisha mvua iingie ardhini. Nyasi hukatwa na kulazwa katika miraba, hufunikwa udongo unaochimbwa katikati, na mteremko mzima hubaki na mashimo yanayokamata maji yasikimbie na udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walifanya kazi ya miaka katika vijiji kama Kindimba, wakijifunza kutoka kwa wakulima. Shamba la ngoro linalotunzwa ni sehemu ya mfumo wa maji sawa na tenki, kwa sababu maji yanayozama leo ndiyo yanayotoka kwenye chemchemi mwezi wa Septemba.

Ugumu uko chini ya mteremko. Kwa desturi ntambo, yaani ardhi ya ukoo mlimani, huishia kijitoni, hivyo majembe ya pande mbili hukutana ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto, na mita hizo ziko ndani ya shamba la mtu. Kumfukuza bila kukaa naye hakusaidii, atarudi usiku. Panapofaulu ni pale ukoo, kijiji na jumuiya ya watumia maji wanapokubaliana mipaka, mkulima akaruhusiwa kufuga nyuki au kukata majani ya ng'ombe humo, na milingoti ikang'olewa ili ipandwe mikuyu. Milingoti hunywa maji mengi. Mahali pake ni mgongoni mwa kilima, mbali na chemchemi.

Na kahawa. Mavuno yake huku huangukia kiangazi, vijito vikiwa vyembamba kabisa. Kumenya na kuosha kahawa kwa njia ya maji hutumia maji mengi, na yanayotoka yana sukari na uchachu unaonyonya hewa ya kijito, viumbe vikafa na maji yakanuka. Chama cha msingi au kikundi chenye mtambo kijitahidi kuyazungusha maji yaleyale, kichimbe mashimo ya kupokea maji machafu mbali na kijito, na maganda kiyarudishe shambani kama mboji.

Ukiteremka kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, hali inabadilika. Penye kijito cha mlimani mserereko bado unafaa. Pasipo nacho, maji ya ziwa au ya kisima lazima yasukumwe kwa pampu, na kila uniti hubeba gharama ya nishati. Sola hupunguza gharama hiyo lakini betri na pampu bado zina umri. Hivyo bei ya Liuli au Lituhi huko mwambaoni ikitofautiana na ya mlimani, uliza kwanza maji yanafikaje.

Ziwa Nyasa linaonekana angavu hata mtu akashawishika kunywa kwa kiganja. Usinywe. Kipindupindu kilichoanza nchini Agosti 2015 kilienea karibu mikoa yote ya Bara, na mwambao ambako watu wanaoga, wanafua, wanaosha samaki na kuchota mahali pamoja uko hatarini zaidi. Maji ya ziwa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiriwa nusu saa. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, asiingize mtu kikombe wala mkono. Kwenye ardhi ya mchanga, choo cha shimo kisichimbwe ndani ya mita 30 kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Watoto wasioge kwenye maji yaliyotulia penye majani, maana huko ndiko wanakoishi konokono wa kichocho. Na aliyekojoa damu apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, dawa yake ipo.